Yamekolea, Alisema Baba

Katika nyumba niliyoolewa kuna neno moja ambalo watu walilitamani kuliko nguo mpya, nalo ni "kimekolea".

Simaanishi kwamba neno lenyewe lilikuwa geni. Nje ya nyumba tulilitumia kama kila mtu. Chai imekolea majani. Rangi ya ukuta imekolea mno. Usingizi umemkolea mtoto, msimguse. Mazungumzo yamekolea mpaka watu wameacha maji yachemke yakaukie. Lakini ndani, likija suala la chakula, neno lile lilikuwa la baba mkwe wangu peke yake, kama kiti chake cha karibu na dirisha. Hakuna mwingine aliyelikalia.

Baba ni mpishi. Hupika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, kwenye masufuria ambayo binti yangu angeweza kuogelea ndani yake, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kiwandani wanamwita Mzee Bado, kwa sababu kila anayechungulia jikoni na kuuliza, "Mzee, tayari?" hujibiwa, "Bado," bila Baba kugeuka. Wapo waliostaafu wakiwa wanamjua kwa mgongo tu.

Nyumbani alikuwa na ngazi zake za maneno. Chakula kisicho na ladha ni chapwa, na hapo ni chini kabisa, sakafuni. Juu ya chapwa kuna "kinalika". Ukijitahidi sana unapata "kimefaa", na watu wanakupa mkono. Kisha huko juu, mbali, ndiko liliko "kimekolea". Mama mkwe wangu aliniambia amelisikia mara moja tu tangu aolewe. Mumewe alilitamka akiwa usingizini, na hakutaja chakula gani wala kimepikwa na nani.

"Sikulala tena," Mama alisema. "Mpaka leo najiuliza alikuwa anakula kwa nani."

Mimi nilipofika, bi harusi mpya, nilipika maharage kwa moyo wangu wote. Baba akaonja, akatazama dari kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani, akasema, "Yanalika." Nilirudi jikoni nikajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Mama akanifuata.

"Unalia nini?"

"Amesema yanalika, Mama."

"Binti yake wa kumzaa alikaa kwenye chapwa mwaka mzima! Hebu futa uso, watu wasije wakadhani una majivuno."

Siku moja, nikimmiminia Baba maji ya kunawa, nilimuuliza tofauti ya chumvi kutosha na chumvi kukolea. Alifurahi kuulizwa, akaacha mikono yenye sabuni hewani.

"Kutosha ni kipimo, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimemzalia mjukuu. "Unaweza kutia chumvi ya kutosha sasa hivi, ukaonja, ukaikuta imesimama mlangoni kama mgeni aliyekataa kukaa. Kukolea ni mgeni huyo akishavua viatu, akaingia ndani, akaanza kuuliza mwiko uko wapi. Na sukari ni hivyohivyo, na tangawizi hivyohivyo. Basi neno hilo usilitupetupe. Ukimpa kila mwenye sufuria, siku ukikutana na chakula cha kweli utasema nini? Utabaki kupiga makofi?"

Kwa sababu hiyo kopo la chumvi halikuvuka mlango wa jikoni. Kuomba chumvi mezani, katika nyumba ile, ni sawa na kumwambia aliyepika afungashe virago. Ulikula ulichopewa, na hukumu uliiacha kwa Baba.

Ndipo yakaja mafua. Yalitupitia wote, nyumba ikawa ya kupiga chafya tu, mtoto, bibi, babu. Sisi tukapona. Baba naye akapona, akarudi kazini, na jioni ile ya kwanza wifi yangu akatenga kabichi. Ilikuwa kabichi ya kawaida, imelowa maji kidogo. Baba akaonja. Hakutazama dari.

"Imekolea," akasema.

Wifi aliangusha kijiko. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma na hashtuki hata cheche zikimrukia shingoni, akaacha kutafuna. Baada ya chakula wifi alimpigia shangazi yao simu. Nilimsikia akisema, "Shangazi, kwanza kaa chini."

Kesho yake wali ukakolea. Keshokutwa chai ikakolea, na baadaye hata viazi vilivyoshika chini ya sufuria vikakolea. Wifi akaanza kutembea kidevu juu. Tangu apewe neno lake aliacha kabisa kuonja anapopika, kwani aliyekwisha kukolea aonje nini tena?

Mama peke yake hakufurahi.

"Ana jambo huyu," aliniambia tukichambua mchele. "Mwanamume habadilishi ulimi bure. Ama anataka kuoa, ama anatuaga."

"Mama, labda moyo umelainika tu."

"Umelainishwa na nani?"

Siku iliyofuata nilimkuta amevaa hereni, anafagia uwanja. Nikamtazama.

"Kama ni mwanamke, atanikuta nimejipanga," akasema. "Na kama ni kifo, basi afe akiwa na mke mwenye hereni."

Zamu yangu ya kupika mchuzi wa nyama ilipofika, binti yangu, ambaye ndiyo kwanza amejua kutambaa, alilivuta kopo la chumvi likamwagika sakafuni. Nikaokota chumvi, nikafagia chumvi, nikamfuta mtoto chumvi mdomoni, nikaliweka kopo juu ya kabati. Siku hiyo niliishika chumvi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, ila sufuriani haikuingia hata chembe. Kichwani mwangu shughuli ya chumvi ilikuwa imekwisha.

Tukakaa mezani. Baba akachukua kijiko cha kwanza.

"Umekolea," akasema.

Mume wangu akaonja, akaacha, akanitazama, akamtazama baba yake, akaonja tena. Mama akaugusa ulimi wake kwa kidole kama anayekagua kama bado upo. Wifi akasema, "Kweli Baba, umekolea kabisa," huku akitafuna nyama kwa muda mrefu sana. Mimi bado nilikuwa namlisha mtoto, sijui lolote. Nilipofika jikoni na kuonja uliobaki, nilihisi nimekunywa maji yaliyooshewa nyama. Nikasimama pale na kijiko mkononi, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Tulipokuwa tunatandika kitanda, mume wangu akanong'ona, "Mke wangu, nadhani mafua yamenirudi."

"Kwa nini?"

"Ulimi wangu hausikii kitu. Baba anasema umekolea, mimi nasikia maji ya moto."

Nilitaka kumwambia, nikameza maneno. Maana kama ulimi wake ulikuwa mzima, basi kulikuwa na ulimi mwingine ambao haukuwa mzima, na hilo halisemwi hivihivi kitandani.

Nikaanza kumtazama Baba. Zamani alikuwa akikanyaga kizingiti anajua kilichopikwa, na nani kakipika, na kama vitunguu viliachwa vikaungua. Sasa aliingia, akakaa, na kitu cha kwanza alichokitazama ni nyuso zetu. Siku moja maziwa yaliungua jikoni, moshi ukamfikia pale dirishani, naye akaendelea kukata kucha.

Wakati huohuo mezani watu wakaanza kuangusha vitu. Mama alikuwa akiangusha leso yake kila siku, na akiinama kuiokota fundo la pindo lake linafunguka, akiinuka vidole vyake vinapita kwanza juu ya mchuzi wake. Mume wangu alikuwa na kipande cha gazeti kilichosokotwa, mfukoni mwa shati, ambacho alikigusa kila wifi akitenga. Wote wawili walikuwa na chumvi, na kila mmoja aliamini ni yeye tu. Mume alijihurumia kwa ugonjwa wa ulimi. Mama aliamini mumewe amekolewa na penzi la nje mpaka haoni tena anachokula. Wala hakuna aliyethubutu kusema neno moja, "chapwa", kwa sababu Baba hakulisema.

Nikaona ni lazima mtu amwambie mwenyewe. Asubuhi moja alikuwa kibarazani anapiga viatu vyake rangi, kama kawaida ya watu wa kile kiwanda, na mimi nafua nepi.

"Baba," nikasema, "ule mchuzi wangu wa juzi haukuwa na chumvi."

Brashi ikasimama.

"Haukuwa na chumvi ya kutosha?"

"Haukuwa nayo kabisa, Baba. Nilisahau."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema umekolea."

Akaweka kiatu chini. "Na wakala?"

"Wote."

"Maskini," akasema. Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Tangu mafua, mama. Daktari anasema inaweza kurudi polepole, inaweza isirudi. Nimekwenda stoo nikalamba chumvi yenyewe, kama ng'ombe. Nikahisi mchanga tu."

"Sasa kwa nini kila kitu kimekolea? Ungesema hata kinalika."

"Nikisema kinalika, mtu ataniuliza, kimepungua nini? Nitamjibu nini? Nikisema chapwa wataongeza chumvi, na pengine ipo. Kimekolea ndilo neno pekee lisilo na swali. Ukilisema watu wanashukuru wanakwenda zao." Akasugua kidole kilichoingia rangi. "Nililitunza miaka yote hiyo, na sasa linanisitiri kama blanketi."

Nilimhurumia mpaka nikakamua nepi ambayo nilikuwa nimeshaikamua.

"Na kiwandani, Baba?"

Hapo ndipo penyewe. Kiwandani watu walikuwa wanalalamika. Walisema kwa chumvi ya siku hizi mpishi ahamie kule wanakotayarisha ngozi, ngozi hazitaoza kamwe. Msimamizi wa kiwanda alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa atakuja jikoni mwenyewe. Baba ataonja mbele yake, kisha yeye ataonja, na kama ndimi mbili zikipishana, Baba apumzike nyumbani, jiko lichukuliwe na mwingine.

"Nipumzike nifanye nini?" Baba aliuliza. "Nikae na mama yako hapa tuhesabiane kikohozi?"

"Lakini chumvi inazidije, kama mkono ni wako uleule?"

"Hicho ndicho kinachoninyima raha. Natia kwa kiganja, na kiganja hakina mafua. Sielewi."

Kisha akanitazama kwa jicho la mtu aliyepata hila.

"Ijumaa utaniletea miwani niliyoisahau."

"Baba, wewe huna miwani."

"Basi nitakuwa nimeisahau kwelikweli."

Tukapatana. Nitakwenda na mtoto, nitaonja kidogo kama namwonjesha yeye. Mtoto akiwa bega la kushoto, chakula ni chapwa. Akiwa bega la kulia, chumvi imezidi. Nikimkumbatia kifuani, kimekolea. Tukafanya mazoezi palepale uwanjani. Namhamisha mtoto bega hili, Baba anaitikia kwa kichwa. Namhamisha bega lile, Baba anaitikia kwa kichwa. Mama alichungulia dirishani, akatuona, akafunga pazia polepole.

Ijumaa nikafika. Jiko la kiwanda ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji inayoteleza, feni moja isiyozunguka, na dirisha kubwa la kugawia chakula linalotazama ukumbi wa kulia. Masufuria mawili yalikuwa motoni, moja la maharage ya mchana, na jingine la maharage ya watu wa zamu ya jioni, ambayo yalikuwa yamechemshwa tu, hayajaungwa. Wasaidizi wa Baba ni wawili, mwanamume mwembamba wanayemwita Kamba, na mama mmoja wa makamo wanayemwita Mama Mapacha.

"Huyu mkwe wangu," Baba akawaambia. "Ameniletea miwani."

"Kumbe mzee una miwani?" Kamba akauliza.

"Nimeisahau."

Hakuna aliyeendelea kuuliza. Nikawaamkia, nikapewa kigoda karibu na sufuria. Baba akachota chumvi kwa kiganja, akaitazama, akaitia, akakoroga kwa utaratibu kama anayembembeleza mtu. Kisha akaenda stoo kubadili aproni, maana Msimamizi alikuwa anakuja.

Mlango ulipofungwa tu, Kamba akatazama kulia, akatazama kushoto, akachota konzi ya chumvi akaitupia sufuriani. Akageuka, akanikuta namtazama.

"Mkwe, tafadhali," akanong'ona. "Ulimi wa mzee siku hizi haupo. Namsitiri. Na usimwambie Mama Mapacha, ana maneno yule."

Akatoka nje kuleta mtungi wa gesi. Hajafika mbali, Mama Mapacha akaacha vitunguu vyake, akafuta mikono, akachota konzi yake.

"Mwanangu, hujaona kitu," akaniambia. "Mzee wa watu kanilea humu jikoni, siwezi kuacha aaibike. Ila Kamba asijue, atajifanya yeye ndiye mpishi."

Nikachota kijiko, nikaonja. Chumvi ilinipiga mpaka nyuma ya masikio. Nikamrusha mtoto bega la kulia, na Baba akatoka stoo, aproni nyeupe, akaniona. Akaitikia kwa kichwa kidogo. Ameelewa. Moyo wangu ukatulia.

Ndipo Msimamizi akaingia. Ni mwanamke wa sauti ndogo na funguo nyingi, ambaye alianza kazi pale kwa kushona soli na akapanda mpaka ofisini. Nyuma ya dirisha wafanyakazi walikuwa wamejipanga na sahani zao, shingo ndefu, maana habari ya Ijumaa walikuwa nayo wote.

"Haya, mzee wangu, tuanze," akasema. Kisha akamwona mtoto. "Jamani! Na huyu mrembo ni wa nani? Njoo kwa bibi!"

Na mtoto wangu, ambaye nyumbani hulia hata akibebwa na wifi, akanyoosha mikono akaenda.

Msimamizi akamweka bega la kushoto. Baba akamfuata kwa macho. Mtoto akaona funguo, akavutwa nazo, akahamia kulia. Macho ya Baba yakahamia kulia. Nikatikisa kichwa juu na chini, ndiyo, hapohapo. Mtoto akashuka, akajilaza kifuani kwa Msimamizi, funguo mdomoni, akatulia. Nikaanza kujipiga bega la kulia kwa kiganja, nikajipiga tena.

"Nyuki?" Kamba akaniuliza.

Baba alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Sisi hatukufanya mazoezi ya mtoto kubebwa na mtu mwingine. Akachota kijiko, akaonja, akatazama dari.

"Yamekolea," akasema.

Msimamizi akachukua kijiko chake, akaonja. Nilikuwa karibu, niliona yote. Macho yalimjaa maji. Akamtazama Baba, mzee aliyempakulia chakula tangu siku zile ana sindano ya soli mkononi, na aproni yake nyeupe iliyopigwa pasi. Akameza.

"Yamekolea, mzee," akasema, kwa sauti ya mtu anayenyongwa.

Ukumbini wakapiga kelele za furaha. Sahani zikaanza kupita dirishani. Baba alinikonyeza. Mtihani alikuwa ameushinda, na kazi ilikuwa yake.

Watu wakala. Hakuna aliyelalamika hata mmoja, kwani Mzee Bado kasema yamekolea, na Msimamizi kasema yamekolea, wewe mshona kamba za viatu ni nani? Ila nikaona mtu mmoja anainuka kwenda bombani na kikombe. Kisha wawili. Baada ya muda foleni ya bomba ikawa ndefu kuliko foleni ya chakula. Mzee mmoja wa kitengo cha gundi akamwinulia Baba dole gumba kutoka mbali, "Umetisha, mzee, yamekolea!" na mkono wa pili una kikombe, anarudi bombani kwa mbio.

Baba alisimama dirishani akaitazama ile foleni. Tabasamu likaanza kumtoka usoni kidogokidogo.

"Mama," akaniambia bila kunitazama. "Sema kweli. Yamezidi?"

"Yamezidi, Baba."

"Sana?"

"Sana."

Nilidhani atanyamaza. Angeweza. Kazi alikuwa ameshaipata, na maharage yaliyobaki yangekwisha kwa maji. Lakini akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa kijiko mpaka ukumbi mzima ukageuka.

"Acheni kula!" akapaza sauti. "Hayajakolea hayo! Mimi sisikii ladha. Tangu mafua sisikii chumvi wala sukari. Nimewadanganya."

Kisha sauti kutoka foleni ya bomba ikasema, "Na sisi tumekudanganya, mzee, tunakufa kwa kiu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Baba hakucheka.

"Kama mliisikia chumvi, kwa nini mlisema yamekolea?"

"Si wewe umesema!"

Kamba akasogea, ameinamisha kichwa. "Mzee, nisamehe. Chumvi niliongeza mimi, nikikusitiri."

Upawa ukaanguka. "Uliongeza wewe?" akauliza Mama Mapacha. "Mimi ndiye niliyeongeza!"

"Lini?"

"Leo! Na jana! Na kila siku!"

"Na mimi kila siku!"

Wakatazamana kama watu waliooa mke mmoja bila kujuana. Baba akawatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka.

"Kwa hiyo ya kwangu ilikuwa sawa?"

"Ya kwako ilikuwa sawa, Baba," nikasema. "Niliiona mwenyewe ikiingia."

Msimamizi alikuwa bado amembeba mtoto, anakunywa maji kutoka kwenye kikombe cha mtu. Baba akamnyooshea kijiko.

"Tulipatana," akasema. "Ndimi zikipishana."

"Hazikupishana, mzee. Zote mbili zimesema uongo." Akakirudisha kijiko kwa kidole. "Wa kwako umekufa ganzi, wangu ni mzima na bado umesema uongo, tena mbele ya mtoto. Kesho uje kazini kama kawaida. Ila kuonja waonje hawa, na wakikuficha tena nitawapeleka kitengo cha gundi wote wawili."

Baba akakohoa, akavuta aproni, akarudi kwenye sufuria. Akaamuru maharage yote yaliyobaki yamiminwe kwenye yale ya jioni yasiyo na chumvi, yachanganywe, yachemke. Watu wakagoma kurudi kwenye mashine wakiwa na njaa, wakabaki dirishani wametoa macho. Baada ya muda akampa Mama Mapacha kijiko.

"Chumvi unaisikia wapi?"

"Kwenye ncha ya ulimi, mzee."

"Ukiweza kunionyesha ilipo, haijakolea. Punguza moto. Mtu asiguse kopo."

Wakasubiri. Akampa Kamba. Kamba akasema anaisikia pembeni, karibu na magego. Baba akatikisa kichwa, akakoroga chini kabisa, akafunika. Watu wa dirishani walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe chumvi hukaa upande gani wa mdomo, na wawili nusura wagombane. Mfuniko ulipofunguliwa tena, kijiko akapewa Kamba, Kamba akampa Mama Mapacha, Mama Mapacha akanipa mimi.

Nikaonja. Nikaitafuta ile chumvi kwenye ncha, nikaitafuta pembeni, nikaitafuta kooni.

"Siioni, Baba," nikasema.

Baba akanywea. "Ni chapwa?"

"Hapana. Ipo, ila siwezi kukuonyesha ilipo. Nasikia maharage tu, matamu."

Wote walikuwa wananingoja. Niliona haya, kwa sababu neno lililofuata halikuwa langu, halikuwahi kuwa langu. Lakini yeye hakuweza kulisema.

"Yamekolea, Baba."

Baba akatoa sahani, akajipakulia mwenyewe, akatoka kwa mlango wa pembeni. Akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya wafanyakazi, karibu na yule mzee wa gundi, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu aajiriwe. Wa gundi akatia kijiko mdomoni, akafumba macho.

"Enhe," Baba akamwambia, akitafuna polepole, asiyesikia kitu. "Kwanza unasikia nini?"

"Kitunguu, mzee. Kwa mbali."

"Halafu?"

"Halafu..." Wa gundi akainua mkono. "Ngoja kwanza nimeze."